Pasi ya Kushoto

Mechi ya Jumatatu ya Pasaka kwetu ilikuwa kufa na kupona. Kijiji chetu cha Ngao dhidi ya jirani zetu wa Idsowe, miguu peku, kwenye uwanda wa kando ya mto ambao mafuriko ya masika yangeweza kuumeza siku yoyote. Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa na subira na mtu.

Kaka yangu alikuwa amefariki wiki sita kabla. Homa, siku tatu, basi. Yeye ndiye aliyekuwa winga wetu wa kushoto, nami nilicheza kati. Watu walidai tulipeana mpira kwa uchawi. Uchawi gani! Tulijifunza mtumbwini. Tangu utotoni tulivuka mto pamoja kwenda shambani, mimi mbele na kafi, yeye nyuma na upondo. Wa mbele hageuki ovyo, mtumbwi utapinduka; anajua tu kwamba mwenzake yupo. Hata uwanjani nilipiga mpira kushoto bila kutazama, na kila mara ulimkuta.

Jumapili, kanisani, mhubiri alisema wafu watafufuka. Mama alinitazama kutoka upande wa wanawake, akitaka kuona kama nami naamini. Nikainamia miguu yangu. Nilikuwa nimemshika kaka mikono ikipoa ndani ya yangu. Sikuamini hata kidogo, na nilimkasirikia mhubiri kwa kulitamka jambo lile kirahisi vile.

Kesho yake kapteni wetu, mwalimu wa shule ya misheni, akatangaza kwamba kushoto hatasimama mtu.

"Tutacheza kumi. Ni heshima yake."

"Heshima ya kufungwa?" nikawaka. "Mwalimu, maiti hachezi mpira!"

Alikaza mkanda wa kaptura yake akaingia uwanjani.

Wacha wee, mechi ile! Idsowe walitufunga hata jasho halijatutoka. Tukawarudia kama nyuki. Wachungaji wa Kiorma waliokuwa wakipeleka ng'ombe majini walisimama kutazama, ng'ombe wakaenda zao bila wao. Kapteni aliposawazisha kwa kichwa, akina mama waliingia uwanjani wakicheza, refa akawafukuza kwa filimbi huku naye anacheka. Nilisahau kuwa tuko kumi. Nilisahau kila kitu, nikawa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba.

Dakika za mwisho mpira ukanifikia katikati. Nikampita mmoja. Nikampita wa pili, nikajikuta karibu na mstari wa kulia. Wa tatu akanijia mzima mzima, na mguu wangu, bila kuniuliza, ukaupiga mpira kushoto: pasi ndefu, tamu, ya kumkuta mtu mbioni.

Hakukuwa na mtu. Mpira ulibingirika peke yake mpaka ukaingia kwenye mahindi.

Beki wao mmoja, kijana mgeni kutoka Garsen asiyejua habari za msiba wetu, akaangua kicheko.

"We bwana! Umempigia nani?"

"Kaka yangu," nikamjibu papo hapo, kwa hasira. "Hajafika tu."

Nikasikia nilichosema. Mwili ukanisisimka mpaka nyweleni. Sikuwa nimetafuta maneno wala kumwiga mhubiri. Nilikuwa nimetoa habari ya mtu aliye njiani, na niliposubiri moyo wangu unikanushe, haukunikanusha. Nilitaka kuruka. Nilitaka mechi iendelee mpaka giza.

Mama alikuwa amesimama pale mstarini, hatua chache kutoka kwangu, na alikuwa amesikia. Tangu mazishi hakuwa amepaza sauti, hata kumwita kuku. Sasa akatupa kitambaa chake cha kichwa juu, akapiga kigelegele kirefu kwa mpira uliotoka nje.