Maktaba Isiyo na Choo

Ofisini walimwita Mama Vyoo, na hakuna aliyejali kwamba hakuwa na mtoto wala kwamba jina lenyewe lingeweza kumuudhi. Alikuwa msanifu majengo kamili. Cheti chake mama yake alikitia fremu na kukitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo familia nyingine huweka picha ya harusi.

Jina lilianzia stendi ya mabasi. Akiwa mgeni kazini alipewa vyoo vya stendi avichore, naye akavichora kwa moyo wote wa mtu aliyetoka chuoni juzi: milango isiyogongana, sinki zisizolowesha viatu vya mtu, madirisha ya juu yanayopitisha hewa bila kupitisha macho. Siku ya ufunguzi meya aliingia kukagua, akakawia, akatoka na uso wa mtu aliyesamehewa dhambi. Akasifu mbele ya umati. Tangu hapo Bosi aliacha kabisa kujisumbua na habari za vyoo. Alichora hoteli, benki, hospitali, na katika kila ramani aliacha mstatili mtupu. Kisha alipita mezani kwa binti huyo, akaiweka ramani na kusema maneno mawili tu: "Malizia, mama."

Naye alimalizia, mwaka baada ya mwaka. Nusu ya mji ilikuwa imejisaidia ndani ya mawazo yake bila hata kumjua.

Nyumbani habari zilikuwa tofauti.

"Mwanangu ndiye aliyejenga ile benki," mama yake aliwaambia majirani.

"Mama, nilichora choo tu."

"Kwani hicho choo hakiko ndani ya benki? Hebu nyamaza, unaniharibia."

Kwa hiyo siku Bosi alipomwita na kumkabidhi maktaba ya chuo kikuu pamoja na kituo cha wanafunzi, vyote chini ya paa moja, aligeuka kwanza kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

"Chora yote," Bosi alisema, huku akijikanda goti lililokuwa likimsumbua. "Kamati ya chuo ikiipitisha, ni yako mpaka siku ya kukabidhi funguo. Wakiikataa, basi. Ile stendi inapanuliwa na wanakuulizia."

Alichora kwa njaa. Ukumbi wa kusomea aliupa madirisha marefu upande usiochomwa na jua la mchana. Kituo cha wanafunzi alikipa mkahawa, meza za tenisi, ofisi za vyama, na baraza pana la kukaa bila sababu yoyote. Kati ya pande hizo mbili alisimamisha ukuta wa kioo kutoka sakafuni hadi darini, ili wanaosoma na wanaocheza waonane na kutiana moyo. Kioo hicho alikipenda kama watu wanavyompenda mchumba asiyefaa: hakutaka kusikia neno.

Mfano wa jengo ulitengenezwa na jamaa wa ofisini aliyeitwa Kadibodi, kwa kuwa hicho ndicho alichokata kutwa nzima.

"Mama Vyoo, hiki kioo chako kitanimalizia plastiki yote."

"Niite hivyo tena, nitakubandika kwenye hilo paa kwa gundi yako mwenyewe."

"Haya, Mheshimiwa."

"Afadhali."

Kamati ilikutana katika maktaba ya zamani, kwenye chumba chenye viti vinavyolia-lia ukivikalia na sinia la chai na biskuti. Mwenyekiti alikuwa profesa wa mimea, mtu mnene aliyekunywa chai kama mmea wenyewe. Kulia kwake aliketi Mkutubi Mkuu, mama mwembamba aliyenong'ona hata alipogombana. Kushoto alikuwapo Mlezi wa Wanafunzi, bwana mwenye sauti ya uwanja wa mpira. Bosi na Kadibodi walikaa nyuma.

"Kioo," Mkutubi alinong'ona. "Vijana wangu wataacha vitabu watazame tenisi. Na kelele zote zitapita."

"Basi tujenge matofali matupu!" Mlezi alinguruma. "Halafu upande wangu tutie nondo na askari, iwe jela kamili."

"Kama jela itawatuliza, sina pingamizi."

"Mwenyekiti, unamsikia huyu mama?"

"Kwa shida," alisema Mwenyekiti, akainuka. "Samahanini. Ni hii chai."

Alitoka. Waliobaki waliendelea kurushiana maneno juu ya kioo, mmoja kwa mnong'ono na mwingine kwa mngurumo, hata msanifu akaanza kuiona stendi ya mabasi ikimfungulia milango. Mwenyekiti akarudi akijifuta mikono kwa leso. Aliinama juu ya mfano, akauzunguka na kuchungulia kila dirisha.

"Nimewaza jambo huko nilikokuwa," alisema. "Humu ndani mtu akibanwa, anakwenda wapi?"

Mkutubi aliliinua paa la kadibodi kwa vidole viwili, kama anayefunua sufuria asiyoiamini.

"Labda wasomaji hawana miili," alinong'ona.

"Wangu wanayo," alisema Mlezi.

Bosi alimtazama Kadibodi. Kadibodi aliitazama dari. Wote wawili walikuwa wameipitia ramani ile, na hakuna aliyeuliza, maana kumuuliza Mama Vyoo kama ameweka vyoo kungekuwa kama kumuuliza muuza samaki kwa nini ananuka. Wala haukuwa uzembe wake. Katika ofisi yao vyoo vilikuja mwisho, baada ya mwingine kumaliza mambo mazuri, kupita mezani na kusema, "Malizia, mama." Safari hii wa kuyasema maneno hayo alikuwa yeye, na hakuwa amejiambia. Kusema kweli, alikuwa amefurahi mno kukaa muda wote ule bila kuwaza bomba hata moja.

Masikio yalimwaka moto. Alifungua kinywa aseme vitajengwa nje, huko nyuma, lakini macho yake yakaangukia kioo. Mkutubi alitaka kitu kinene. Mlezi alitaka kitu chenye milango. Na kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho pande zote mbili zingekihitaji kila siku. Akajua la kufanya, na akajua pia kwamba akilifanya, jina lile halitamtoka mpaka azikwe nalo.

"Kadibodi, nipe kisu."

Alikikata kioo chake kutoka juu hadi chini, akakitupa kando. Akachukua pakiti ya biskuti kwenye sinia, akailaza mahali kilipokuwa.

"Hapa," alisema. "Vyoo, ngazi, stoo za vitabu, vyote katika ukuta mmoja mnene katikati ya jengo. Milango huku kwa wasomaji, milango kule kwa wachezaji. Kelele zikitaka kupita, zipange foleni kama watu wengine."

"Na maji yakivutwa?" Mkutubi aliuliza. "Nitayasikia."

"Mabomba yote yataegemea upande wa Mlezi."

"Kwa nini upande wangu?" Mlezi alifoka.

"Kwa sababu upande wako, baba, hata tanki lenyewe likipasuka hakuna atakayesikia."

Mkutubi Mkuu alicheka. Kilikuwa kicheko cha sauti kamili, na Mwenyekiti alishtuka kana kwamba rafu imeanguka. Kisha Mwenyekiti akasema kuwa yeye haoni tena sababu ya kugombana, akainyoshea mkono pakiti ile, akala vyoo vya wanaume.

Ramani ikapita.

Jengo lilipokamilika, wanafunzi waliupata mkasa huo kwa Kadibodi, asiyeweza kutunza kitu kinywani. Wakauita ukuta ule Biskuti. "Tukutane Biskuti," wanaambiana hadi leo, na hakuna mahali chuoni panapofahamiana watu kama pale. Mama wa msanifu alipoletwa kulitazama jengo, alipita ukumbi wa kusomea bila kuinua macho, akauliza msalani ni wapi, akakawia humo kama meya.

"Umeona madirisha marefu, mama?"

"Nimeona milango isiyogongana," mama alisema. "Sasa hii ndiyo nitakayowaambia majirani."

Ofisini bado ni Mama Vyoo. Siku chache baadaye Bosi alimletea mahakama nzima aichore, na safari hii aliichora akiwa ametulia. Alipomaliza, alipita hadi mezani kwa Bosi, akaitandaza ramani mbele yake. Katikati palikuwa na mstatili mtupu.

"Malizia, mzee," alisema.

Bosi alivaa miwani. Alishinda na ule mstatili mpaka ofisi inafungwa, na milango yote aliyoichora humo iligongana.