Kutafuta Kaburi kwa Helikopta

Nilipomaliza eda, binti yangu alinilipia safari ya helikopta ya kutazama mji. Alipiga simu kutoka Nairobi akasema nimefungika ndani miezi minne na siku kumi, sasa nitoke nikapunge upepo. Ningependa zaidi aje mwenyewe tukae ukumbini tunywe kahawa, lakini zawadi ya mtoto haitiwi kasoro. Nikashukuru.

Isitoshe, nilikuwa na langu moyoni. Kwetu Mtopanga wanawake hatusindikizi jeneza. Mume wangu alitolewa mlangoni mabegani mwa wanaume, tahalili ikaenda ikififia kwenye kona ya msikiti, nami nikabaki chumbani na wanawake wenzangu. Miaka thelathini na sita nimelala ubavuni mwake, na pale alipolazwa sijapaona. Shemeji yangu, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, alinieleza kwamba ni karibu na ukuta, chini ya mwarobaini. Wapo wanaosema mwanamke anaruhusiwa kuzuru, lakini wakwe zangu hawataki hata kulisikia jambo hilo, na mimi sina nguvu ya kubishana nao. Hata hivyo, hakuna aliyenikataza kupita juu.

Kule Bamburi walinipandisha kwenye mizani mbele ya watu, na buibui langu, kama gunia la nazi. Wenzangu safarini walikuwa mume na mke waliokuja fungate, wakakaa nyuma wameshikana mikono. Mimi nikawekwa mbele, kando ya rubani, mwanamume wa makamo kutoka bara. Kabla hatujapanda nilimwomba tupite juu ya Mtopanga. Akaniuliza kuna nini huko. Nikamwambia kuna mtu wangu. Akaahidi kwamba tutapita wakati wa kurudi.

Mji wenyewe sikuutazama sana. Tulivuka kisiwa, tukapita juu ya kivuko cha Likoni, tukazunguka bandari hadi kwenye matangi ya mafuta Changamwe. Wale maharusi walipiga picha kila kitu. Mimi nilikuwa nikingoja tu turudi.

Tulipofika juu ya Mtopanga rubani akainamisha helikopta upande wangu. Nikauona msikiti wetu, kisha ukuta wa makaburi. Shemeji alitaja mwarobaini kana kwamba upo mmoja. Kutoka juu ilikuwa miarobaini mitupu, ukuta hadi ukuta, majani yamefunika kila kitu, hata udongo sikuuona. Nilikodoa macho mpaka yakauma. Mtu ambaye ningemtambua kwa kikohozi chake katikati ya msikiti uliojaa, leo sijui yuko chini ya mti upi.

Nilikasirika. Nilimkasirikia shemeji, nikaikasirikia miti, nikamkasirikia na marehemu mwenyewe, Mungu anisamehe. Kisha helikopta ikaanza kunyooka, nikajua nafasi yangu inapita. Nikakumbuka kwamba salamu ya makaburini hupewa wote waliolala pale, haichagui mtu, basi na yeye itamfikia. Nikaegemea kioo nikaitoa kwa Kiarabu, kama nilivyofundishwa chuoni utotoni.

"Assalamu alaikum, ya ahlal kubur."

Nilisahau kwamba kile kidude cha kuongelea kilikuwa mbele ya mdomo wangu. Rubani alinisikia. Si Mwislamu, na maneno ya mwisho hakuyaelewa, lakini ameishi Pwani kiasi cha kujua kwamba salamu haiachwi hivi hivi.

"Waalaikum salaam, mama," akasema masikioni mwangu, taratibu.

Tangu nitoke eda, kila nikirudi kutoka sokoni husimama mlangoni nikatoa salamu, kwa mazoea, kisha nikaingia bila kuitikiwa. Nililia pale pale kitini, sikujali maharusi. Rubani alidhani nimeshikwa na hofu, akaniambia nivumilie kidogo, anafanya haraka anirudishe nyumbani.

Nikamwambia asifanye haraka. Nyumbani hakuna mtu.