Kona za Shuka za Mwalimu Kalisti

Mwalimu Kalisti alifundisha uuguzi hapa Mpanda miaka kumi na saba, na hakuna kitu kilichomkera kama shuka lenye mikunjo. Wanafunzi wapya walikuja wakidhani wataanza na sindano. Yeye aliwaanzisha na kitanda. "Mkunjo mmoja wa shuka, kidonda kimoja cha mgonjwa," alikuwa akisema, kisha anavuta kona uliyoikunja kwa jasho lako. Ikichomoka unaanza upya, hata kama kengele ya chakula imeshalia.

Mimi Nyanzala nilikuwa mkufunzi mwenzake, meza yangu ikitazamana na yake. Yeye Mfipa wa Karema, mimi Mnyamwezi, na utani wetu haukuwa na likizo. Aliniita mpagazi, akanitwisha mafaili yake. Nami nilimwambia mtu aliyekuzwa na migebuka, samaki wa ziwani kwao, lazima ajue kutandika, maana harufu ile inahitaji kufunikwa. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Saa kumi kamili alikuwa juu ya baiskeli kuelekea kwake Nsemulwa. Kikao kikizidi hapo alinyoosha mkono na kusema bila aibu, "Samahanini, mke wangu ananisubiri." Nyumbani aliwaogesha watoto wake watano kwa zamu, na kila asubuhi alitandika kitanda chao cha ndoa kwa kona za wodini. Mkewe, Romana, alitulalamikia: "Mwenzenu anadhani nimelazwa. Mimi kona zake zimenishinda, namwachia mwenyewe."

Alhamisi moja asubuhi alikuwa anapiga kiwi viatu vya watoto. Akasema kifua kinambana, akakaa chini, basi. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mpaka leo nikikumbuka namkasirikia. Mtu haondoki hivyo, viatu viwili vinang'aa na sita bado.

Msibani Romana alikaa juu ya godoro chumbani. Siku mbili hakulia, hakusema, hakumeza kitu. Mtoto wa mwisho, Dorika wa miezi saba, alishika ziwa, akaachia, akalia kwa hasira. Maziwa yalikuwa yanakauka. Mama Agatha, mama mzazi wa Kalisti aliyekuja kutoka Karema, alimpelekea mkwewe uji mara tatu, na mara tatu ukapoa. Ndipo akanifuata jikoni.

"Wewe si mtani wetu?" akaniuliza. "Mbona umekaa kama mgeni? Fanya kazi yako."

Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu msibani, hata kumwigiza marehemu. Sikuwa na moyo wa kuchekesha siku ile, lakini mtani akiitwa hakatai. Nikavaa koti lake jeupe lililonifika magotini, nikabandika miwani yake puani, nikaingia chumbani nikiburuta miguu kama yeye.

"Nani katandika hapa?" nikauliza kwa sauti yake. "Nyie mnaniomboleza juu ya mikunjo? Inukeni wote."

Wanawake wenzangu wakacheka, kanga midomoni. Wakamwinua Romana, wakamwegemeza ukutani. Nikavuta shuka, nikaanza kukunja miguuni. Mimi nafundisha mambo ya dawa. Kitanda nakijua kwa kukilalia tu.

"Sio hivyo," sauti kavu ikatoka ukutani. "Anaanzia kichwani."

Romana akaninyang'anya shuka. Akapiga magoti, akalichomeka kichwani, akainua upande, akakunja, akasukumia chini ya godoro, akahamia kona ya pili. Mikono yake haikusita hata kidogo. Alipomaliza nikazivuta kona zote nne, moja moja. Hakuna iliyochomoka.

"Wifi," nikamwambia, na sauti ya Kalisti ilikuwa imeshanitoka, "si ulisema zimekushinda?"

"Nilizijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa," akasema. "Nilijifanya siwezi. Alikuwa anapenda kunitandikia."

Akacheka, na kicheko chenyewe kikamfungulia kilio alichokibana siku mbili. Tulilia naye, mimi nikiwa bado ndani ya koti la marehemu. Kisha akajifuta uso, akakaa katikati ya shuka, akaomba ule uji, hata kama umepoa, na akanyoosha mikono apewe Dorika.