Skrubu ya Nyuma

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimesimama katika karakana ya bunduki upande wa Stratford, London, bisibisi mkononi. Mbele yangu mzee wa watu kakaa juu ya kigoda, na mimi natafuta neno la kuanzia, silipati.

Usishtuke kusikia bunduki. Hizi zilikuwa za shabaha, za watu wanaolala kifudifudi kwenye majani siku ya Jumamosi, wakalenga karatasi iliyo yadi elfu moja mbele yao, kisha wakanywa chai wakarudi makwao. Lakini nenda kamweleze mama yangu! Sisi tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, nami ningali mtoto, na mama hakutaka hata kulisikia jina la kitu hicho. Siku niliyomwambia nimepata kazi ya kupaka mafuta vitako vya bunduki, aliweka mwiko chini. "Bunduki zimetutoa kwetu," akasema, "nawe unakwenda kuzipaka mafuta?" Nikamwambia, mama, mimi napaka mbao. Basi kwa majirani akawa anasema Zuwena kaajiriwa na seremala. Hakusema uongo sana.

Seremala mwenyewe alikuwa Fundi Gurdial, Kalasinga wa Nairobi, aliyekuja London na familia yake wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakihama. Kule alikuwa akiwachongea wawindaji vitako. Hapa alifanya kazi ile ile kwa tajiri wetu, Mwingereza mmoja mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Katika karakana nzima ni mimi na Fundi tu tuliojua Kiswahili, na Kiswahili chake, mwanangu, kilifika kinakokwenda lakini kwa kuchechemea. Mimi wa Unguja nilikuwa nikicheka moyoni. Sasa natamani nikisikie tena hata dakika tano.

Mwaka huo tulikuwa tukimtengenezea bunduki mwalimu mmoja wa hesabu. Mtutu ulitoka kwa fundi mmoja, darubini kwa mwingine, na Fundi Gurdial ndiye aliyeviunganisha vyote na kuvilaza ndani ya kitako cha mbao ya mjozi. Kitako hicho alikichonga kwa wiki nyingi. Anapaka masizi kwenye chuma, anakilaza ndani ya mbao, anakitoa, anatazama weusi umeshika wapi, anakwangua hapo kidogo, anarudia. Bunduki ya masafa haitaki nguvu, inataka kila kitu kikae pale pale, vile vile, kila mara. Walipoipeleka uwanjani mara ya kwanza, yeye na tajiri, risasi kumi zilikaa ndani ya duara lisilozidi sahani ya kulia wali. Kwa yadi elfu moja! Mwalimu akaambiwa ajiandae, mashindano yake ni Septemba.

Ikabaki kupaka kitako mafuta ya mwisho. Kazi tuliigawana hivi: mimi nafungua skrubu mbili zinazoshika chuma kwenye mbao, moja ya mbele na moja ya nyuma, napaka mafuta, mbao inakauka. Fundi anafunga. Kisha mimi napanguza, naitia bunduki ndani ya sanduku lake, tajiri anaondoka nayo. Sasa siku hiyo, katika kupanguza, nikaigusa skrubu ya nyuma kwa bisibisi, kuhakikisha tu. Ikazunguka. Ilizunguka robo nzima ya mzunguko kabla ya kugoma.

Moyo ukanishuka, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona mikono ya Fundi. Kila akinyanyua kikombe cha chai, kikombe kinatetemeka, kinagongana na kisahani. Nikasema maskini, nguvu zimemwisha, hata skrubu haikazi tena. Na sisi tumelelewa vipi? Kumsitiri mtu. Mkubwa wako akikosea, unatazama pembeni. Mgeni akimwaga mchuzi, unasogeza sahani yako juu ya doa. Basi nikaikaza ile skrubu kwa nguvu zangu zote za ujana, nikafunga sanduku, nikajiona nimefanya jambo. Tenda wema nenda zako, si ndivyo tunavyoambiwa?

Safari hiyo Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekwenda kuipiga. Tajiri alirudi na karatasi ina matundu kila pembe, utadhani kuku kaidonoa. Fundi akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Binti," akaniambia, "sasa sisi nabadilisha kitu moja. Moja tu. Halafu naangalia."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na kila bunduki ikirudi alitaka ifunguliwe yote aikague. Akabadilisha darubini. Nikafungua, akafunga, nikapanguza, nikakaza kwa siri, ikapelekwa. Risasi zimetawanyika. Akairudisha darubini ya kwanza, akabadilisha aina ya risasi. Nikakaza, ikapelekwa. Zimetawanyika. Akauchunguza mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Akapitisha kipande cha karatasi baina ya mtutu na mbao, toka mwanzo hadi mwisho, kuona kama panagusa. Hapagusi. Ramadhani ikaingia, na mimi nakaza na saumu yangu! Utaratibu wa Fundi ulikuwa sahihi kabisa, mwanangu. Alikuwa akibadilisha kitu kimoja kila mara, hajui kuna mtu nyuma yake anabadilisha cha pili. Kikulacho ki nguoni mwako, nami ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Tajiri akaanza kuitazama mikono ya Fundi. Siku moja akamuuliza kwa upole kama macho yanamsumbua, siku nyingine kama hafikirii kupumzika. Akufukuzaye hakwambii toka. Fundi, aliyekuwa na kawaida ya kuimba kwa sauti ndogo akikwangua mbao, akanyamaza. Chai akawa anainywa kaelekea ukutani, kikombe kakishika kwa mikono miwili. Na mimi nilipoyaona hayo nikafanya nini? Nikazidi kukaza.

Nyumbani nilimhadithia mama. "Fundi anaumbuka, mama."

"Msitiri," mama akasema. "Mzee wa watu huyo."

"Namsitiri."

"Mungu atakulipa." Tukafuturu, wote wawili roho zimetutulia.

Kisha ikaja Jumatatu, Fundi akanikabidhi patasi zake zimefungwa kwa kitambaa cha kijani. Zile patasi alitoka nazo Nairobi, hakuna aliyeruhusiwa hata kuzisogeza.

"Chukua, binti. Ijumaa mimi nasema na tajiri. Mikono yangu imekwisha."

"Fundi, usiseme hivyo."

"Mimi hapana sema. Karatasi nasema." Akanionyesha zile karatasi za shabaha, kazipanga moja juu ya moja mezani, zote zimechakaa kwa matundu. Miaka arobaini ya ufundi, na sasa karatasi tano zinamtoa kazini. Nilizitia patasi ndani ya mkoba, nikalia njia nzima ndani ya basi, mpaka kondakta akanipa leso yake.

Jumatano ilikuwa Idi. Nikaomba ruhusa, nikaenda kusali, nikala, nikacheka na jamaa lakini nusu ya akili iko karakanani. Siku hiyo Fundi aliifunga bunduki na akaitia sandukuni yeye mwenyewe, tajiri akaenda nayo uwanjani. Asubuhi ya Alhamisi nilipoingia, kitu cha kwanza nilichokiona ni karatasi mpya juu ya meza. Matundu kumi, yamekusanyika pamoja.

Nilipiga kigelegele, naapa. "Fundi, imepona!"

Fundi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Tajiri nauliza, wewe nabadilisha nini? Mimi nasema hakuna. Binti, bunduki napona bila sababu, kesho naugua bila sababu. Mimi hapana toa hii kwa Mwalimu. Fundi hajui kwa nini nakosa, hajui kwa nini napata, huyo si fundi tena. Ijumaa iko pale pale."

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Darubini ile ile. Risasi zile zile. Mbao ile ile. Aliyekosekana jana ni mimi peke yangu. Nikachukua bisibisi, nikaigusa skrubu ya nyuma, ikazunguka kidogo bila tabu, nikaiachia kama kaa la moto. Nilijua kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua maisha, na mzee huyu ataondoka kesho akiamini amekwisha.

"Fundi," nikasema, "hii skrubu nilikuwa naikaza mimi."

"Skrubu gani?"

"Ya nyuma. Kila nikiitia bunduki sandukuni. Niliona umeiacha imelegea, nikadhani mikono yako..."

Alivua miwani. Kisha akainyoosha mikono yake juu ya meza, yote miwili, vidole wazi. Haikutikisika hata kidogo.

"Nashika kikombe, natetemeka. Tangu mimi iko kijana. Baba yangu hivyo hivyo. Nashika patasi, hapana tetemeka. Miaka miwili wewe nakaa na mimi, wewe naona kikombe tu?"

Akanieleza jambo ambalo ningelijua siku ya kwanza lau ningeuliza. Skrubu ya mbele inakazwa barabara. Ya nyuma inashikishwa tu, kwa makusudi. Ukiikaza nayo, mbao inabonyea na chuma kinapinda kiasi cha unywele, na unywele mmoja hapa, kwenye yadi elfu moja, ni upana wa mlango.

Kisha hasira ikamfika. Akaipiga meza kofi mpaka skrubu zikaruka. "Miezi miwili mimi nalala, najua mimi iko kwisha! Kwa nini hapana sema?"

"Nilikuwa nakusitiri, Fundi."

"Nini hiyo?"

Nikamweleza, huku machozi yananitoka, kwamba kwetu aibu ya mkubwa inafichwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kilemba.

"Wewe nasitiri mimi kwa tajiri, hiyo sawa, iko vizuri. Lakini wewe nasitiri mimi kwa mimi mwenyewe! Sasa nani natengeneza?"

Akaitazama tena mikono yake, akaigeuza viganja juu, viganja chini. Nikaona mabega yake yanashuka taratibu. Akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, kisha kikubwa, kisha akajifuta macho kwa aproni. "Iko mizima," akasema. "Mungu mkubwa, iko mizima." Nami nikacheka na kulia pamoja. Sijapata kuona faraja ya namna ile, mwanangu, si kwake wala kwangu.

Ijumaa tulikwenda uwanjani watatu, yeye, tajiri na mimi. Kwanza tajiri akaipiga bunduki kama alivyoifunga Fundi: risasi zikakusanyika. Akaniamuru nikaze robo mbele ya macho ya tajiri: zikatawanyika. Akailegeza: zikarudi mahali pamoja. Ndipo aliporidhika, kwa kuwa sasa aliujua ugonjwa na dawa yake.

Tajiri akauliza ni nani aliyekuwa akiikaza. Nikajiandaa kupoteza kazi. Fundi akajibu kwa Kiingereza chake, bila kunitazama, kwamba ilikazwa kupita kiasi karakanani, ameshajua sababu, haitatokea tena. Tajiri akaitikia kwa kichwa, na suala likaishia hapo. Uso kwa uso Fundi alinipiga kemeo ambalo sijalisahau, na mbele ya watu akanifunika. Mimi binti wa Unguja, niliyelelewa na neno sitara toka utotoni, nikaja kufundishwa maana yake na Kalasinga wa Nairobi.

Mwalimu alishika nafasi ya nne, akafurahi utadhani ni ya kwanza. Nilimrudishia Fundi patasi zake, akazipanga upya, akafanya kazi miaka mingine kumi na moja.

Sasa mzee ni mimi, na nawaona nyinyi wajukuu zangu. Mnadhani sioni? Napika, mnaonja, nikigeuka mnaongeza chumvi, kisha mnanambia "Lovely, Bibi." Mnaninyang'anya kazi moja moja kwa mapenzi, mpaka siku moja nitakaa kitini sijui nimepoteza nini wala lini. Basi sikiliza. Ukiona kazi ya mwenzio imelegea, usiikaze kabla ya kumuuliza kwa nini kaiacha hivyo. Huenda anajua usilolijua. Na kama kweli amekosea, aibu yake ifiche kwa watu wote duniani isipokuwa yeye. Yeye mwambie. Mwambie faraghani, mwambie kwa adabu, sauti ikutetemeke ukipenda, lakini mwambie, maana mficha uchi hazai, na huruma isiyouliza humzika mtu angali hai.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, akupe mikono yenye kazi na moyo usioogopa kukiri. Na katika umri huo mrefu akupe japo mtu mmoja anayekupenda kiasi cha kukwambia umekosea.