Siku Bibi Alipolizuia Kundi la Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Puge, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiifikiria mdomo hunibaki wazi. Nilikuwa kidato cha pili Tabora mjini, nimerudi nyumbani likizo. Nilikuwa msichana wa haya, wa kukaa nyuma ya watu. Niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye daftari. Siku ile hata kuandika kulinishinda.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka makazi yetu ya zamani, tukapangwa kando ya barabara, nyumba zimefuatana kama wanafunzi kwenye paredi. Watu tulisogea karibu na shule na zahanati, na hilo lilikuwa jambo jema, sisemi uongo. Ila ng'ombe nao walisogea. Malisho yaliyokuwa ya ukoo mmoja yakawa ya kijiji kizima, na mwaka ule mvua ikakatika mapema.

Kilichobaki kilikuwa ngitili. Wewe uliyekulia mjini huenda huijui: ni eneo la nyasi ambalo wazee huliwekea mwiko tangu masika, likazungushiwa miiba, asiingie ng'ombe hata mmoja mpaka kiangazi kikaze. Akiba haiozi, walisema. Lakini akiba hugombanisha, nami niliona kwa macho yangu.

Mkutano ulifanyika karibu na ngitili yenyewe. Baba yangu, Masanja, ndiye aliyekuwa na kundi kubwa kuliko wote. Akasimama, akasema kwa utaratibu, "Ndugu Mwenyekiti, tukiifungua leo makundi yote yataimaliza kabla mvua haijaanza. Tuvumilie. Tuumie wote sawa."

Vichwa vingi vikaitikia. Mimi nikajivunia, nikamwona Baba ana akili kama waziri.

Ndipo Nyamizi akainuka, ameshika kamba ya ng'ombe wake. Huyu alikuwa mjane, jirani yetu, mwenye ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlea mjukuu wake aliyefiwa na mama.

"Shemeji Masanja," akasema, "ng'ombe wangu jana nimemwinua kwa kumshika mkia. Kesho hatainuka. Huko kuumia sawa, mwenzangu utaumia wapi?"

Mtu akadakia kutoka nyuma, "Ataumia shingo kwa kugeuka kulitazama kundi lake!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. "Sheria ni sheria, shemeji. Nikikufungulia wewe, nimfungie nani?"

"Ujifungie wewe."

Aliyesema hivyo alikuwa Bibi, mama yake Baba. Kicheko kikakatika. Bibi hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, na kumsahihisha mwanawe mbele ya watu lilikuwa jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Wenye ng'ombe mmoja au wawili waingie leo," akasema. "Sisi wenye makundi tupeleke ya kwetu mbuga za Wembere. Safari ni ndefu, tutapoteza. Lakini sisi tunao wa kupoteza."

Mwenyekiti akamtazama Baba, kana kwamba hata yeye mwenyekiti alihitaji ruhusa ya Baba ili aseme. Bibi hakuwangoja. Akaenda mwenyewe akaivuta miiba ya mlangoni, mikono ikamtoka damu, akampisha ng'ombe wa Nyamizi. Kundi letu lilikuwa karibu, likizunguka kwenye udongo mtupu. Liliponusa nyasi likaja mbio, vumbi juu, mchungaji akipiga kelele nyuma. Bibi akasimama mlangoni na fimbo yake.

Ng'ombe mwekundu ambaye maziwa yake nimeyanywa tangu utotoni akatangulia, akanyoosha shingo apite. Bibi akamchapa usoni. Nikaruka kama nimechapwa mimi.

"Mama, unaniua!" Baba alipaza sauti.

"Hufi, Masanja. Utapungukiwa. Kufa na kupungukiwa si ndugu."

Husemwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba yangu siku ile alifunzwa na mamaye, ulimwengu ukitazama. Mwenyekiti akapata sauti yake, akasema basi na iwe hivyo. Wenye makundi wengine walinung'unika, lakini nani angebisha wakati mama wa Masanja amelizuia kundi la mwanawe?

Baba akaenda Wembere. Ng'ombe wengi walibaki njiani, na yule mwekundu miongoni mwao. Aliporudi mvua zikiwa zimeanza, nami nimerudi likizo nyingine, mashavu yalikuwa yamemwingia ndani, na alipita mbele ya mama yake bila kumwamkia. Mtu mzima, bila shikamoo! Nililia kwa fedheha. Nyasi za ngitili zilikuwa zimetosha, kwa kuwa midomo ilikuwa michache, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hilo.

Siku moja Nyamizi akaja na kibuyu, mjukuu mgongoni, amenenepa. "Shemeji, kunywa." Baba akakishika kibuyu kitambo, akamtazama yule mtoto, akanywa akiwa amesimama. Kisha akaenda jikoni. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Masanja."

Siku hizi, mwanangu, naisikiliza redio, nasikia mataifa yakibishana juu ya tabianchi: nani apunguze moshi, nani alipe. Wapo wanaosema tuumie wote sawa. Nashtuka, maana maneno hayo niliyasikia kwa mtu mwema, baba yangu mzazi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa mwema.

Basi huko uendako, ukikaa kwenye kamati yoyote, usidharau mwiko. Baba alikuwa na haki, nyasi zina mwisho. Ila mzigo usiugawe kwa kuhesabu vichwa, ugawe kwa kupima migongo. Kwanza uliza nani atapungukiwa na nani atakufa. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kingi, anza wewe, usingoje kuaibishwa.

Mungu akujaalie mali nyingi, mwanangu, na akujaalie usiione ni kubwa kuliko watu. Nenda kwa heri, na popote utakapofika, mvua ikukute na jirani zako wakiwa hai.