Usimpitishe Mgeni Njia ya Pwani

Nakumbuka asubuhi moja ya Mfunguo Mosi, harufu ya udi wa sikukuu haijatoka hata nguoni, bibi yangu aliponiita uani akaniambia, "Zuhura, jitande kanga nzuri. Mgeni amefika, anataka umtembeze mtaa." Mgeni mwenyewe, mwanangu, alikuwa wa posa. Na posa ilikuwa yangu.

Ngoja nikueleze taratibu, maana nyinyi wa siku hizi posa mnaimaliza kwenye simu kabla chai haijapoa. Aliyekuwa akiniposa ni Hatibu, fundi wa kuezeka kutoka Kirongwe, kule kisiwa kikubwa. Aliletwa hapa kisiwani kwetu Chole kuezeka upya paa la madrasa yetu. Lile paa, wallahi, alikaa juu yake siku nyingi kuliko kazi ilivyotaka, na mie nikawa nakwenda kisimani mara nyingi kuliko kiu ya nyumba yetu. Nilimpenda, sikufichi. Uzee una faida gani kama mtu hawezi kusema hata hilo?

Hatibu alifiwa na mama yake angali mdogo. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Mwanahamisi, na kwake yeye neno la shangazi ndilo lilikuwa la mwisho. Akisema ndiyo, ni harusi. Akisema la, basi hata mashekhe wa kisiwa kizima wakikusanyika, paa limeezekwa na fundi amerudi kwao. Ndiye huyo aliyepanda gari Kirongwe mpaka Kilindoni, akakata kisiwa mpaka pwani ya ng'ambo, akavuka maji kuja kwetu, anitazame.

Desturi yetu unaijua, au uijue leo. Mwenye kuja kuposa haji kutazama sura tu. Anakuja kuuliza. Anapita nyumba baada ya nyumba, anabisha hodi, anakaribishwa mkekani, anaongea habari za mvua na za wagonjwa, na katikati ya maneno hayo anachomeka swali lake: binti yule mnamwonaje? Kwa kawaida binti mwenyewe hujificha ndani, mtu mwingine ndiye anayemzungusha mgeni. Lakini Bi Mwanahamisi alikuwa na yake. Alisema anataka kuuona mwendo wangu, basi nimtembeze mie mwenyewe.

Sasa, mwanangu, mie mtaa huu nilikuwa nauonea haya.

Usicheke. Wewe umezaliwa umekuta wageni wanatoka mbali kuja kuupiga picha, huwezi kunielewa. Wakati ule watu wa kisiwa kikubwa wakitaja Chole wanasema, aa, kwenye popo na magofu. Kilindoni kulikuwa na maduka na mabati mapya, Kirongwe kuna minazi na mikorosho mpaka macho yanachoka. Sisi tulikuwa na nini? Miembe ya kale inayofunika jua, mifenesi, mizambarau, vijia vyembamba vinavyopita uani kwa watu. Kuta za zamani zimemezwa na mizizi ya mtini mpaka hujui ukuta unaushika mti au mti unaushika ukuta. Na popo wale, mchana kutwa wananing'inia juu wakigombana, wanakuangushia maganda kichwani.

Huu ndio uliokuwa mji, ati! Serikali ya visiwa hivi vyote ilikaa hapa kabla mambo hayajahamia Kilindoni. Forodha ilikuwa hapa, jela hapa, Wahindi na hekalu lao hapa. Hayo nayasema leo kifua mbele. Siku ile niliona ukungu na majani makavu tu.

Tena kulikuwa na Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa jirani yetu wa tatu, mwanamke wa makamo, hodari wa kusuka ukili wa mikeka kuliko wote na hodari wa kusema kuliko wote. Kibarazani kwake hapiti mtu bila kuulizwa anatoka wapi. Mie na yeye tuliwahi kukorofishana, tena vibaya, nikamjibu maneno ambayo msichana hamjibu mtu mzima. Nikajisemea, huyu akiulizwa juu yangu leo, nimekwisha.

Basi nikafanya werevu wangu. Badala ya kumwingiza Bi Mwanahamisi njia ya ndani, nikampitisha njia ya pwani. Nikamwonyesha gofu la forodha, nikamwonyesha jela, nikamwonyesha hekalu kwa mbali, tukapita wanapounda majahazi, tukarudi nyumbani kwa nyuma. Hatukubisha hodi hata mlango mmoja. Kila nikisema hiki ni kile, yeye ananiitikia "mm," basi.

Tulipofika, bibi alikuwa ameshatandika. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina umekatwa vizuri. Bi Mwanahamisi akaomba maji. Akanywa, akarudisha kikombe, akasema, "Ahsanteni kwa ukarimu. Nimeona miti mizuri na mawe ya kale. Watu sijawaona. Basi niwahi maji yasije yakakauka, nishindwe kuvuka."

Akaaga, akaondoka. Chakula hakugusa. Na mgeni wa posa asipogusa chakula, jibu umelipata bila kuambiwa.

Bibi hakupiga kelele. Yeye alikuwa akikasirika sauti inashuka, na hapo ndipo unapotakiwa kuogopa. Alinivuta jikoni, akaniuliza nimempitisha wapi. Nikamwambia.

"Pwani?" akasema. "Umempitisha pwani? Zuhura, mawe ndiyo yatakayokusemea? Ulipozaliwa, mawe yale ndiyo yaliyokuja na maji ya moto? Umewaruka watu waliokuogesha, ukamwambia mgeni hapa hapana mtu. Sasa anajua mambo mawili. Ama una ubaya ambao majirani wanaujua, ama majirani unawaona wabaya. Lipi ungependa akamwambie Hatibu?"

Mie machozi tayari.

"Mkataa kwao mtumwa," akasema. "Mie miguu yangu hii hainifikishi bandarini. Yako inafika. Ukimtaka mume kimbia, usipomtaka osha vyombo."

Lo! Mwanangu, nilikimbia. Kanga ya kichwani imeanguka njiani sikuiokota. Nilimkuta Bi Mwanahamisi ameshavua viatu, kavishika mkononi, maji yanamfika kwenye vifundo, nahodha anampa mkono apande. Watu wamejaa pale pwani, wanangoja kuona msichana huyu anakimbizwa na nini.

Nikasema, "Bi Mkubwa, shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, lakini sikuwa na neno jingine kinywani.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimekupitisha njia siyo. Nakuomba urudi, nikupitishe njia ya kwetu."

Akanitazama. "Kwa nini hukunipitisha asubuhi?"

Pale ningeweza kudanganya. Ningesema kulikuwa na matope, au mbwa, au msiba. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikamwambia, "Niliona haya. Mtaa wenyewe mkongwe, na wapo watakaonisema."

Akamgeukia nahodha, akamwambia, "Nenda na abiria hawa. Mie nitavuka maji yakijaa." Akatoka majini, akavaa viatu vyake.

Safari hii tuliingia ndani. Na ndiyo njia nitakayo uijue wewe, mwanangu, uishike kama unavyoishika Fatiha. Tuliacha pwani nyuma, tukashika kijia cha chini ya miembe, tukafika uani kwa wa kwanza, nikasimama nje nikabisha hodi. Sikuchungulia. Nikangoja mpaka "karibu" ikatoka ndani. Mgeni akakaribishwa, mie nikabaki nje chini ya mti nikijifanya naokota majani. Nyumba ya pili vilevile, huko akapewa dafu. Pale kwenye mwembe mkubwa wa popo nikamwambia tupite kimya, kwa kuwa wale mchana ndio usiku wao. Bi Mwanahamisi akainua macho, kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

"Wanagombana usingizini kama watu wa kwetu," akasema.

Tukafika kwa Bi Tatu. Nikabisha hodi kwa sauti ndogo. Bi Tatu alikuwa palepale barazani na ukili wake mrefu umeviringishwa magotini. Hakuitikia karibu kwanza.

"Hee! Leo ndiyo umenikumbuka?" akasema. "Asubuhi nimewaona mnapita pwani mnanyata kama wezi wa nazi. Nikasema, huyu anampeleka wapi mama wa watu, hapajui kwao?" Kisha akamgeukia mgeni. "Karibu, dada yangu, karibu mkekani. Na wewe usiende kuokota majani. Kaa hapa nikuseme ukisikia."

Nikakaa. Ningefanyaje?

Bi Mwanahamisi hakuzungukazunguka na habari za mvua. Akauliza moja kwa moja, "Mnamwonaje huyu?"

"Ana ulimi," akasema Bi Tatu, na mkono wake hauachi kusuka. "Mkitaka mke bubu tafuteni kwingine. Alinijibu mie hapahapa, watu wanasikia, mpaka nikavua kiatu nimpige. Tukawa hatusemeshani. Mara nikashikwa na homa, sijiwezi hata kuinua kata ya maji. Alfajiri nasikia mtu anamimina maji mtungini. Ni yeye. Hanisemeshi! Ananuna, anamimina maji, anafagia, anaondoka. Kesho yake tena. Siku alipoona dawa zangu sijanywa, hapo ndipo alipofungua kinywa, akanigombeza mpaka nikazinywa zote. Yule aliyenijibu na yule aliyeniuguza ni huyuhuyu. Mkimtaka, mchukueni mzimamzima."

Mie nimeinama, uso unawaka. Nasikia mtu anacheka. Ni Bi Mwanahamisi, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mie mwenyewe," akasema, "ulimi wangu si mfupi. Yule mtoto nimemlea nao."

Tulimaliza mtaa mzima. Tulipotokea upande wa pili, kwenye hekalu la Wahindi na jela na forodha, mawe yaleyale ya asubuhi, akawa anayauliza mwenyewe: hapa nani alikaa, huyu alikuwa babu wa nani kati ya wale tuliotoka kwao? Nami nikawa najibu kwa furaha. Tuliporudi nyumbani, bibi aliangalia mkono wa mgeni tu. Mkono ukaingia kwenye wali.

Hatibu ndiye huyo mzee unayemwamkia kila siku unapopita. Ukitaka kujua kama Bi Tatu alisema kweli juu ya ulimi wangu, kamwulize, ila mwulize nikiwa mbali.

Sasa nisikilize, mwanangu. Jana nimekuona na wageni wako. Umewashusha, umewapitisha pwani, umewasimamisha kwenye magofu, wamepiga picha, umewapandisha boti. Mimi nilikuwa barazani nasuka, uliniona, ukageuza uso. Nikajua unachokionea haya, maana mie nilikionea haya kabla yako.

Nakwambia hivi. Mtaa huu ni fahari, na kuta zake ni fahari, na miti hii hakuna Kilindoni wala Dar es Salaam. Lakini mtu ni watu, na mtaa pia ni watu. Ukimleta mgeni, mwanzishie kwa walio hai, kisha umpeleke kwa waliopita. Bisha hodi, ungoje. Mwamkie mkubwa kabla hujamwonyesha mgeni kitu chake. Jitaje wewe ni wa nani, na mgeni naye ajitaje. Picha iombwe, na ikikataliwa, mshukuruni mwenye nyumba mwende zenu. Mwende polepole, mketi panapokaribishwa, mnywe kinachotolewa. Na akitokea mzee wa kukusema mbele ya wageni, keti akuseme. Mficha uchi hazai. Mgeni hatakudharau kwa kusemwa na watu wako. Atakudharau akiona huna wa kukusema.

Nenda basi, mwanangu. Mola akufungulie riziki kwa miguu yako hiyo, akulinde na haya isiyo na maana. Akuzeeshe katika mtaa huu huu, na kila mlango utakaobisha hodi, asikosekane wa kukuitikia. Amin.