Bati la Mlimani

Mtaa mzima ulimwita Mkasi, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Mkasi wa chuma aliuning'iniza shingoni kwa kamba kuanzia asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Wa pili ulikuwa mdomoni. Mteja akileta kitambaa kibaya aliambiwa ni kibaya. Bibi harusi akitaka gauni la kumbana alionyeshwa mahali hasa litakapopasukia, tena mbele ya mama mkwe. Watu walikasirika, wakaapa hawarudi, na baada ya muda walirudi, maana mshono wake ulikuwa haufumuki na mtaa ule haukuwa na fundi mwingine wa maana.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma yake sebule. Upande huu wa sebule chumba chake, upande ule chumba cha wifi yake. Mume wa Mkasi, aliyewakutanisha wanawake hawa wawili, alikuwa ameshafariki. Ndugu walidhani akishazikwa tu dada yake atafungasha virago, kwa jinsi yeye na Mkasi walivyokuwa wakizozana tangu zamani. Hakufungasha, wala Mkasi hakumwambia afungashe. Waliendelea kula chungu kimoja na kugombana juu ya chumvi.

Wifi alikuwa mpishi katika shule ya bweni, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. Haukupita mwaka tangu msiba ule, akaanza kukimbia. Wala si barabarani, ambako mtu akichoka anaweza kudandia gari, bali milimani, kwenye vijia vya matope, mizizi na mawe. Alijiunga na kundi la watu wazima na akili zao waliokuwa wakitoa ada ili waruhusiwe kupanda mlima upande mmoja na kuteremka upande wa pili. Anayefika mwisho alivikwa medali.

"Yaani unatoa hela mfukoni mwako ili uteseke?" Mkasi aliuliza siku ya kwanza.

"Nakimbia tu, wifi."

"Umefukuzwa na nani?"

Tangu siku hiyo swali likawa wimbo wake. Wifi akifunga kamba za viatu, "Umefukuzwa na nani?" Wifi akirudi na matope mpaka masikioni, "Na leo je, wamekukamata?"

Medali ya kwanza wifi aliitundika kwenye fimbo ya pazia la sebuleni. Zikafuata nyingine, na upepo ukivuma zikawa zinagongana kama kengele. Mkasi, mguu kwenye pedeli ya cherehani, alipaza sauti ili asikike mpaka uani: "Mbuzi wamerudi!" Mteja akichungulia na kuuliza zile ni za nini, alibinua mdomo.

"Bati. Limepakwa rangi ya dhahabu. Wifi yangu ameuza magoti yake kwa bati."

Na ingekuwa bati tu, afadhali. Kulikuwa na kikombe chenye picha ya mlima. Kilipotiwa chai ya moto mara ya kwanza, mlima ukabanduka ukaelea. Kulikuwa na fulana ngumu isiyonyonya hata jasho, ambayo Mkasi aliikuta kwenye kamba akaipigia deki, kisha akajitia hamnazo eti alidhani tambara. Siku hiyo wifi hakucheka. Aliitoa kwenye ndoo, akaikamua, akaianika tena. Mkasi aliona haya kidogo, na kwa kuwa hakuzoea kuona haya, alikuwa mkali kwa wateja mpaka jioni.

Kisha likaja jiwe. Waandaaji wa mbio moja waliishiwa, au walijiona wabunifu, wakawapa watu mawe ya mtoni yaliyochorwa kilima kwa rangi nyeupe. Mkasi alicheka mpaka akainuka kwenye kiti akashika ukuta.

"Kutwa nzima! Umerudi unachechemea, umepewa jiwe! Si ungeniambia, wifi yangu? Hata hapa nje yapo, ningekuokotea."

"Wewe huelewi, wifi."

"Basi nieleweshe."

Wifi aliligeuzageuza lile jiwe mkononi. "Kule juu mtu analia, na hakuna anayemuuliza analia nini."

Mkasi alisonya. "Kama ni kulia, vitunguu vipo jikoni." Lakini alipobaki peke yake na cherehani aliyakumbuka maneno yale, yakamuuma, kwa sababu yeye alikuwa hajalia tangu walipotoka makaburini. Jiwe alilichukua akazuilia mlango wa duka.

Mbio moja ilikuwa imemshinda wifi: ile ndefu, ya mlima mkubwa ulio nyuma ya mji. Mara mbili alijaribu, mara mbili alifagiwa. Ndivyo wenyewe walivyosema. Nyuma ya mkimbiaji wa mwisho hutembea watu wanaoitwa wafagiaji, wakikusanya vitambaa vilivyofungwa kwenye miti kuonyesha njia. Wakikuta umechelewa mno wanakutoa njiani na kukuteremsha kwa gari. Mkasi alilifurahia sana neno hilo. "Wifi yangu amefagiwa," alimwambia muuza mkaa. "Wamemkusanya pamoja na majani makavu."

Mwaka huo daktari alimwambia wifi kwamba goti limelika na kukimbia kumekwisha. Wifi aliomba mbio moja tu, ile iliyomshinda. Daktari alitikisa kichwa kwa namna ambayo si ndiyo wala si hapana. Wifi akaichukulia kuwa ndiyo.

"Nikiikosa hii, wifi, sitaipata tena," alisema wakichambua mchicha.

"Utakosa bati. Pole."

Wiki chache kabla ya siku yenyewe, msimamizi wa mbio, bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alikuja dukani. Alitafuta fundi wa kushonea medali tepe, na wifi ndiye aliyempendekezea. Yakaletwa maboksi, likaletwa robota la utepe wa buluu, laini, unaoteleza vidoleni. Mkasi aliupenda utepe ule alipougusa tu, na kuuvalisha bati aliona ni kuuonea. Basi akapima kwenye kichwa chake mwenyewe, kichwa kidogo kilichonyolewa, halafu akapunguza vidole vinne tena. Mtu anayekimbia mlimani bila kufukuzwa na chochote, alijisemea, hastahili utepe mrefu. Uliobaki aliutia pembeni mwa foronya zake, zikapendeza.

Wifi aliziona foronya. "Tepe zimetosha kweli?"

"Kwani wana shingo ndefu kiasi gani? Ni twiga?"

Siku ya mbio wifi aliondoka kukiwa bado na kiza. "Ukija, kaa pale mwisho," alisema akiwa mlangoni.

"Nije kufanya nini?"

Mkasi alikwenda. Alijiambia anakwenda kuangalia kazi ya mikono yake isiharibiwe, akabeba kigoda chake, akakaa kando ya mstari wa mwisho, kwenye uwanja uliokuwa chini ya mlima.

Hapo alipata vya kudharau mpaka akashiba. Kulikuwa na hema lenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na mbele kabisa mgeni rasmi, mkubwa wa ofisi fulani, mwenye kichwa kipana na mashavu yaliyoshuka. Alikuwa ametembea kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti, na alipofika alikuwa anahema. Akasimama akahutubia juu ya faida za mazoezi. Kabla hajatokea mkimbiaji hata mmoja, msimamizi akaja na boksi la medali ili mheshimiwa avikwe. Utepe ukakwama kwenye nyusi. Msimamizi akavuta, mheshimiwa akafumba macho, masikio yakakunjika, na mwishowe utepe ukapita ukakaa chini ya kidevu kama kola ya shati. Hema likapiga makofi. Akavikwa mkewe, akavikwa dereva, wakavikwa waliokuja na mheshimiwa na waliokuja na waliokuja naye. Mpaka mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yake alivikwa bila kuamshwa.

Mkasi alitazama yote hayo midomo ikiwa imebana.

Wakimbiaji walipoanza kufika, mambo yalikuwa hayohayo ya vichwa. Mwingine medali ilimning'inia katikati ya paji la uso, mwingine aliivaa sikioni akapigwa picha hivyohivyo. Msimamizi akamjia mbio.

"Fundi! Tepe fupi hizi!"

"Vichwa ndivyo vikubwa," Mkasi alisema. Alicheka vizuri siku hiyo, hakuficha.

Lakini jua likasogea. Waliofika walikunywa maji, wakapigana mabega, wakaenda. Uwanja ukapwaya. Mshereheshaji akatangaza kwamba saa kumi kamili filimbi itapulizwa na mbio zitafungwa. Mkasi akagundua kuwa amesimama, kigoda kiko nyuma yake, na macho yake hayabanduki kwenye miti ambako njia inatokea. Alijitukana kimoyomoyo kwa kuhangaikia jambo la kipuuzi namna hii, na akaendelea kuhangaika.

Akamwona msimamizi anapindua boksi la mwisho juu chini na kulikung'uta.

"Zimekwisha?" Mkasi aliuliza.

"Waliobaki tutawatumia."

"Ziliagizwa kwa hesabu ya wakimbiaji. Nimezishona mwenyewe. Zimekwenda wapi?"

Msimamizi alirekebisha miwani yake. Hakuangalia upande wa hema, na kwa kutoangalia huko akawa amejibu.

Hapo wifi akatokea kwenye miti. Mguu mmoja alikuwa anaukokota, mkono ameushika kwenye paja kama anayeusukuma. Hatua chache nyuma yake walikuja wafagiaji wawili, kila mmoja na fungu la vitambaa mkononi. Mshereheshaji akashika filimbi. Mkasi hakujua kushangilia. Hakuwahi kumshangilia mtu maishani mwake. Kilichomtoka kilikuwa kilekile alichokizoea.

"Unafukuzwa, wifi! Hao nyuma yako! Kimbia!"

Wifi aliinua uso, akamwona, akacheka, akalia, akakimbia, kama kule kunaweza kuitwa kukimbia. Alivuka mstari. Filimbi ikalia akiwa ameshavuka, na hata mshereheshaji hakuthubutu kubisha.

Alikwenda moja kwa moja mbele ya msimamizi, akainamisha kichwa avikwe.

"Hongera sana, mama," alisema msimamizi. "Bahati mbaya medali zimetuishia. Tutakutumia nyumbani."

Wifi hakuinua kichwa. Alibaki ameinama vilevile, akihema, kama hajasikia, jasho na vumbi vikiteremka nyuma ya shingo. Mkasi aliitazama ile shingo. Ilikuwa shingo ya mumewe, na mkunjo wake uleule chini ya kisogo. Alikuwa ameishonea kola mara nyingi, na tangu azikwe hakuwahi kuiona tena. Akageuka, akaenda hemani.

"Mheshimiwa, vua."

Mgeni rasmi alikuwa na paja la kuku mkononi. "Nivue nini?"

"Hilo bati. Mwenyewe amefika."

Mheshimiwa alitazama kulia na kushoto kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Watu wa hema walikuwa wanaangalia nje, alikosimama mwanamke aliyeinamisha kichwa. Akaweka kuku chini, akashika utepe, akauvuta juu. Ukafika kwenye taya ukagoma. Akavuta tena, mashavu yakapanda yakafunika macho.

"Haitoki," alisema.

"Haiwezi kutoka. Nimeishona mimi."

Akashika mkasi uliokuwa shingoni mwake. Mheshimiwa akatulia tuli, maana pale ulipopita ule mkasi hapakuwa mahali pa mtu kutikisika. Chwa! Medali ikamdondokea Mkasi kiganjani. Msimamizi alikuja akipiga kelele kwamba kazi yake hataipata tena, kwamba amewaaibisha, kwamba yeye ni mwanamke wa namna gani.

"Kaa na kazi yako," Mkasi alisema akimpita. "Na hao wengine wavue wenyewe kabla sijarudi."

Utepe ukiwa umekatwa, sasa ulikuwa na ncha mbili, na ncha mbili zinafungika. Alisimama nyuma ya wifi akazifunga fundo. Mikono hiyo ilikuwa imetunga sindano bila kuangalia kwa miaka chungu nzima, lakini fundo la kwanza lilifunguka. Wifi aliishika medali, akaipangusa kwa kidole gumba, akaitazama.

"Bati tu, wifi," alisema.

Machozi yakamtoka Mkasi, mengi, pale uwanjani mchana kweupe, na wifi hakumuuliza analia nini.

"Simama wima," alisema Mkasi alipoweza. "Unaupinda utepe."

Nyumbani alifumua foronya. Kipande kilichotoka huko alikiungia kwenye ule utepe uliokatwa, mshono wa mara mbili, akaurefusha mpaka medali ya mlima mkubwa ikawa inaning'inia chini kuliko zote kwenye fimbo ya pazia. Upepo ukivuma ndiyo inayogonga ukutani.

Juzi mteja mmoja mgeni alichungulia sebuleni akisubiri gauni lake. "Fundi, hivi vyote ni vya nini?"

Mkasi hakuinua macho kwenye cherehani. "Bati," alisema. "Wifi yangu ameuza magoti yake kwa bati." Halafu akasikia medali zikigongana, na upepo hakuna. Mguu wake ukasimama kwenye pedeli.

"Ile ya chini usiiguse."